Wiki au Miezi

…sita, hiyo nimeisikia, sita ilimtoka kinywani kavu na nzima kama kifungo kilichodondoka sakafuni, lakini sita nini, wiki au miezi, maana palepale ile mashine ya kukata majani ilipita chini ya dirisha ikinguruma, ikalimeza neno la mbele, na sajini akanitazama kama mtu aliyemaliza kusema, akasubiri, nami nikaitikia kwa kichwa, nikaitikia kama mjusi ukutani, ndiyo afande, nimeelewa afande, nimeelewa nini mimi, na kabla hajaongeza neno simu ya mezani ikalia, akaipokea, akaniinulia kidole, subiri kidogo dada, na sasa yuko kwenye magodoro, anagombana na mtu wa stoo juu ya magodoro ya kambi, na mimi nimekaa hapa kwenye kiti cha mbao kilichobanwa kati ya kabati la mafaili na meza yake, kiti alichonionyesha mwenyewe, na ubaya wa kiti hiki ni kwamba kinamweka yeye kushoto kwangu, upande mbovu, tangu nimeingia maneno yake nayapata vipande vipande kama redio yenye betri zinazokata roho… hebu niyapange, alisema waliotoka jeshini juzijuzi, ambao buti zao bado hazijakauka jasho, hao hawana shida, wakitaka kuingia jeshi la akiba wanakuja wikendi chache za kujikumbusha, wanapewa kombati, wanaingia kazini, na wale ambao hawajawahi kuwa askari kabisa, hao ni makurutu, wanaanza na kushoto-kulia, safari yao ndefu, halafu akasema, sasa nyinyi wa katikati, mliokuwa askari mkakaa uraiani mpaka mkasahau, kama wewe koplo, aliniita koplo, miaka yote hii hakuna aliyeniita hivyo, na mgongo ukanyooka wenyewe bila kuniomba ruhusa, kama wewe koplo, nyinyi mnapita kwanza kambini kwa… kitu… sita, kisha mnarudia kozi ya fani, maana redio za siku hizi si zile mlizoziacha, na mambo ya cheo tutayazungumza baadaye, na mashine ikapita, vrrrr, ikaondoka na wiki zangu, au miezi yangu.

Si umuulize tu, afande samahani, ulisema sita nini, kitu chepesi, mtoto wa darasa la kwanza anauliza, asiyeuliza hanalo ajifunzalo, ndivyo ninavyomwambia binti yangu kila asubuhi, lakini binti yangu hajaja hapa kuomba fani ya mawasiliano, mimi ndiye niliyekuja, mtu wa redio, mtu ambaye mali yake yote ni masikio, utakujaje kuomba kazi ya kusikia halafu neno la kwanza unaloambiwa unaomba lirudiwe, ni sawa na dereva anayekwenda kuomba kazi akaligonga geti la mwajiri… ataniangalia, hatakuwa na ubaya, ana sura ya mtu mwema huyu, ana makunyanzi ya kucheka, ataniangalia tu aseme, dada, masikio yako yakoje, na mchezo utakuwa umekwisha, watanipeleka kwenye kile chumba kidogo cha vipimo, nakikumbuka, wanakuvisha vile vidude vya masikioni, wanakwambia inua mkono ukisikia mlio, na upande wa kulia nitainua mkono kama mwanafunzi anayetaka kusifiwa, upande wa kushoto nitakaa kama niliyesusa, najua hata hila yake, nimeifikiria, unamwangalia mpimaji kwenye kioo, bega lake linacheza anapobonyeza, nimeifikiria kwa muda mrefu kuliko inavyompasa mtu mzima… "Yamelowa yote au yamelowa nusu?" sajini anauliza kwenye simu, hilo nimelisikia, amepayuka, mashine imekwenda mbali kule kwenye mlingoti wa bendera, itarudi, inakwenda na kurudi kama mtu mwenye mawazo.

Lilianzia kwenye zoezi la mizinga, hili sikio, gari letu la redio liliegeshwa karibu mno na mimi nilikuwa nimekiondoa kidude cha redio kwenye sikio la kushoto ili nimsikie luteni, ukaja mshindo, hata maumivu sikuyapata, nilipata firimbi tu, nyembamba, isiyochoka, kama birika lililosahaulika jikoni kwa jirani, nikasema kesho itanyamaza, kesho ikawa mwezi, mkataba wangu ukaisha sikuuongeza, watu wakasema ametoka kwa sababu ya mimba, na kweli nilikuwa na mimba ya Chiriku, mimba ilinifaa, ilikuwa na sura ya sababu, nami sikumwambia mtu habari ya firimbi, si daktari, si mume wangu, nikaenda kutafuta kazi mahali ambapo hakuna anayemsikia mwenzake, kwenye chumba cha kufulia cha hoteli, kule chini, mashine kubwa kama vyumba, mvuke, na lile pasi la kuzungusha linalomeza shuka huku na kuitema kule ikiwa imenyooka, huko sote viziwi mpaka saa ya kutoka, tunaongea kwa mikono na nyusi, mimi na mwenzangu ninayemwita Shoga Mvuke tunakunja shuka siku nzima, yeye pembe mbili, mimi pembe mbili, tunaachana, tunakutana, tunaachana, gwaride la watu wawili, na nilikuwa nimeridhika, au nilikuwa nimelala, mtu aliyelala na mtu aliyeridhika ukiwatazama usoni wanafanana, ni mafuriko ndiyo yaliyoniamsha… mto ulipofurika ulikuja mchana kweupe, nilikuwa zamu, tukaambiwa mtaa wetu wa chini wote umezama, watu wamepelekwa shule ya mlimani, nikakimbia na kanga ya kazi kiunoni, simu ya mume wangu haipatikani, nikafika shuleni nikazunguka darasa moja mpaka jingine nikiita, Chiriku, Chiriku, hayupo, baba yake hayupo, na kwenye ukumbi kulikuwa na watu wa jeshi la akiba, wameweka redio juu ya meza ya mwalimu, na aliyeishika alikuwa koplo mwenye miwani, siku za kazi ni mwalimu wa hesabu, alinieleza baadaye, jasho linamtiririka, anasema ova kabla hajamaliza sentensi, boti zinaita zote kwa pamoja na yeye anajibu zote kwa pamoja, ikawa soko, nami nikasimama nyuma yake mikono inaniwasha, nikasema, "Kaka, mwambie boti ya pili inyamaze kwanza, mchukue wa kwanza peke yake," akageuka, "Unaijua kazi hii?" nikamwambia niliijua, akanitazama, akanipa kifaa, hakuuliza hata jina, akavuta ubao wa darasani akaanza kuandika nilichokuwa nasema, na mimi nikakiweka kwenye sikio la kulia, nikasema, vituo vyote hapa shule, kaeni kimya, nitaita mmoja mmoja… na wakakaa kimya. Ee Mungu wangu, walikaa kimya. Kule nje maji na huku sauti yangu, nikaita wa kwanza, una nani, wako wangapi, kuna mgonjwa, mpeleke mlango wa nyuma, wa pili sasa, sema, polepole, nakupata, na ile firimbi ya kushoto, sijui kama ilinyamaza au niliisahau, na familia moja ilikuwa juu ya bati na boti haiwaoni kwa sababu ya miti, nikaunganisha maneno ya mwenye boti na maneno ya mtu aliyewaona kutoka darajani, kulia kwako, zaidi, nyuma ya tangi, umewaona, akasema nimewaona, ova, na koplo wa hesabu akapiga ubao ngumi kwa furaha, chaki ikakatika…

"Sasa mimi makurutu niwalaze juu ya nini, juu ya ahadi?" sajini anasema, ananikonyeza kidogo, kama kusema unayaona mambo haya, nami natabasamu, na mashine inakaribia tena, inakuja, na najua akikata simu sasa atasema, haya dada, tuendelee, kundi linalofuata au la baadaye, nami itanibidi nijibu kitu ambacho sikijui. Ikiwa ni wiki, wiki sita zinamezeka, nimezipiga hesabu barabarani nikija, dada yangu atakuja kulala kwetu, hotelini nitaomba likizo nitaongezea na ile ya ugonjwa, Shoga Mvuke atakunja shuka na mtu mwingine atakayempotezea pembe, wiki sita Chiriku hata jino halitaota, lakini miezi sita… miezi sita mtoto anabadilika sauti, miezi sita atajifunza kusuka nywele kwa mtu mwingine, na mume wangu na yale makochi yake, karakana ipo ua wa nyuma, mtoto anarudi shuleni anamkuta baba ana misumari midogo mdomoni, kumi nzima imepangwa kati ya midomo, anaitema mmoja mmoja kwenye nyundo, atampikia nani, atapika yeye, anapika vizuri kuliko mimi, huo ni ukweli mchungu, basi atafanya nini kisichowezekana, hakuna, nyumba itasimama, makochi yatashonwa, mtoto atakula, na hapo, hapo hasa, mashine ikiwa chini ya dirisha na kioo kinatetemeka, nasikia jambo ndani yangu ambalo halihitaji sikio, kwamba nilipokuwa nayapanga haya, wiki, miezi, wiki, moyo ulikuwa unaanguka kwenye wiki. Unaanguka. Wiki sita ni chache. Nataka iwe miezi… astaghfirullah, mama mtu mzima, ana mtoto anayemngoja getini, anakaa kwenye kiti cha serikali anaomba apelekwe mbali kwa muda mrefu zaidi, ni mama gani huyo, sikio la kufa halisikii dawa, bibi yangu angesema hivyo, na angelipata sikio lenyewe hasa.

Kwa hiyo ndiyo maana nilidanganya asubuhi. Nilimwambia mume wangu nakwenda kwa daktari wa meno. Nilishika shavu kabisa. Na uongo mkubwa ulikuwa umeshapikwa unangoja kupakuliwa, kwamba nitarudi nyumbani nimeduwaa niseme, baba Chiriku, unajua wameniita, jeshi limewaita watu wa zamani wote, sina la kufanya, amri ni amri, nikae kitako nilie kidogo, naye anibembeleze, nipelekwe kama mtu anayeburutwa, nami moyoni nakwenda mbio mbele ya mburutaji… naye asubuhi ile akatoa misumari mdomoni, jambo analolifanya mara chache, akasema, "Jino likiuma ling'olewe, mama Chiriku, usilee maumivu," akairudisha misumari akaendelea kugonga, nami nikatoka nikishika shavu la uongo… Sajini amesimama. Ananyoosha waya wa simu, anazunguka meza, anapita mbele yangu, samahani dada, anafika dirishani, analifunga kwa sababu ya ile kelele, na sasa yuko kulia kwangu, amenipa kisogo na anaongea kwa sauti ya chini na kila neno linakuja, kila neno, safi, kama mtu amefuta kioo, "yale ya ghala la pili yaanikwe leo hii, yasipokauka nipigie," hata anavyovuta pumzi namsikia, ajabu ya upande huu, jinsi dunia ilivyo nzima upande huu, nilikuwa nimesahau… hapana, sijasahau, mbona nyumbani ni hivi kila siku, mbona nyumbani sihangaiki, mume wangu anaongea na misumari mdomoni, mama yake mzazi hamwelewi, wateja wanamwambia fundi tema kwanza ndipo useme, na mimi nampata neno kwa neno, siku zote nimejisifu kwamba ni mapenzi, kwamba mtu na mumewe wana redio yao… yuko kulia. Mezani yuko kulia. Njiani tukitembea yuko kulia, hata kama kulia ni upande wa magari, au upande wa matope, nilimwambia siku moja njoo huku pakavu akasema viatu vyangu vya zamani hivi. Kitandani tulibadilishana pande Chiriku alipokuwa anatambaa, alisema upepo wa dirishani unamuumiza bega, bega gani, hajawahi kulalamika bega kabla wala baada. Na kochi, kochi letu wenyewe, alilitengeneza na kimkono upande wa kushoto tu, nikamcheka, fundi mzima umeishiwa mbao, akasema ndiyo mtindo, na kwa kuwa kimkono kiko kushoto mimi hukaa pembeni pale nikiegemea, na yeyote anayekaa nami hukaa kulia kwangu, hawezi kukaa kwingine… Na Chiriku, anayesema tangu anapofumbua macho, kwa nini huja akizunguka mgongo wangu mbio kabla hajaanza, nilidhani ni mchezo wake, na siku ile alipomfundisha mtoto wa jirani, "Huku, mama yangu anaitwa huku," mimi nikacheka nikaendelea kuosha vyombo.

Na shuleni. Siku ya mafuriko. Alikuja na Chiriku mabegani, wamelowa mpaka kope, wameingia kwa mlango ulioko kushoto kwangu, hatua chache tu na pako peupe, na badala ya kuja moja kwa moja alizunguka ukumbi mzima, akaruka watu waliolala, akaruka mabegi, akamwomba bibi mmoja asogeze mguu, akaja akatokea kulia ndipo akasema, polepole, "Tumefika, wote wawili," nami nilikuwa na boti ya tatu sikioni, nikamwinulia kiganja. Nilimwinulia kiganja mume wangu aliyetoka majini na mtoto wangu. Anakihadithia kisa hicho kila wageni wakija, eti alinisimamisha kama askari wa barabarani, nikakaa chini na tiketi yangu ya faini, na watu wanacheka, na mimi nacheka nikiungua ndani, nikidhani ananichoma kidogokidogo, kumbe sikuwahi kumsikiliza mwisho wake, maana kila mara humalizia kwa neno lile lile na mimi nimeshainuka kwenda kutafuta vikombe, husema, "Mngemwona uso wake," na sauti yake hapo siyo ya mtu anayechoma. Anajua. Anajua sikio tangu lini, tangu bega la uongo, miaka, na hakuniuliza, alihamisha tu vitu, alijihamisha yeye mwenyewe, na mtu aliyeona sikio ambalo halionekani, atashindwa kuona miguu yangu inavyotikisika chini ya meza kila jioni tangu maji yapungue, atashindwa kuona namna ninavyosimama dirishani redio ya jirani ikikwaruza, kwani asubuhi aliponiambia jino ling'olewe alikuwa akinitazama shavu? Alinitazama buti. Nilikuwa nimevaa buti nyeusi, nimezipiga rangi usiku kwa moyo wangu wote, nani anakwenda kwa daktari wa meno na buti zinazong'aa kama kioo, jamani, mimi ni mpumbavu wa kiwango cha kupewa nishani.

Basi. Basi nini sasa… hataki kunizuia, kama angetaka angekwishaniuliza, na mimi sitaki kupelekwa nikiburutwa, nikirudi leo nitamketisha kwenye lile kochi la kimkono kimoja nimwambie nimeomba, hakuna aliyeniita, nimeomba kwa mdomo wangu, na ikiwa ni miezi nitalia kweli na nitakwenda kweli, yote mawili, nani alisema lazima mtu achague moja, na ikiwa ni wiki nitakwenda vilevile, na wale wa kile chumba cha vipimo wakisema dada upande huu hapana, waseme, waandike, redio moja hushikwa na sikio moja, nilishika boti zote zile kwa hili moja, na wakinikatalia redio nitabeba magodoro yake hayo yaliyolowa, lakini sitamwangalia mpimaji bega kwenye kioo, sitaki, nimechoka kuinua mkono kwa vitu nisivyovisikia… Sajini bado yuko dirishani, bado ana simu, bado ananipa kisogo, nje yule bwana wa majani amegeuza mashine na anakuja tena na kioo kimeanza kutetemeka, hapa ndipo mtu mwenye adabu angesubiri afande amalize, lakini adabu yangu imekwisha, nasimama, nakinyanyua kile kiti cha mbao, kizito kuliko kilivyoonekana, nakitoa kwenye banio la kabati, nakipitisha mbele ya meza nakiweka upande wa pili, pwa, na sajini anageuka, macho yanamtoka, ameziba simu kwa kiganja, nami nasema, tena nasema nikiwa nimesimama wima kama inavyotakiwa, "Afande, sikio langu la kushoto ni bovu tangu nikiwa jeshini, ulisema wiki au miezi?" na mashine iko chini ya dirisha kabisa, inanguruma, vioo vyote vinaimba, naye anakunja uso, anainama kunielekea, anauleta mkono nyuma ya sikio lake mwenyewe, bila aibu, bila haya yoyote, kama mtu anayekuna pua, anapaza sauti, "Eti nini? Sikusikia, koplo. Rudia."

Nami narudia.